Kanuni ya Nane na Miaka Thelathini na Minane ya Bwana Tijani Rekik

Tarehe 31 Desemba mwaka huu wa 2024, Bwana Tijani Rekik anastaafu kazi ya ukaguzi wa mashindano katika Klabu ya Mawimbi ya Sfax, baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na minane na miezi karibu kumi. Aliingia tarehe 3 Machi 1986 akiwa na nywele nyingi na koti la kuazima. Anatoka bila nywele, na koti ni lilelile, kwa sababu mwenye koti alihamia Ufaransa na hakurudi kulidai.

Kamati imeniomba niandike ukurasa wa furaha, usomwe kabla ya chakula. Mwenyekiti wetu, Anis Zouari, alilirudia neno hilo mara tatu: furaha, Basma, furaha. Mimi nimekaa ofisi moja na Bwana Tijani miaka ishirini na miwili, mimi kwenye meza ya katibu, yeye nyuma ya kabati la madaftari, na furaha ninayoijua nitaisema. Iliyobaki nitaisema pia. Atakayeona kuskusi yake inapoa, aanze kula.

Kwa jamaa wa wanachama ambao mmekuja kwa ajili ya samaki tu, kazi yenyewe ni hivi. Kila Jumapili ya pili ya Novemba, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, watu wa redio ya ridhaa wa kwetu na wa nchi jirani, kutoka Annaba hadi Malta, hushindana katika Mashindano ya Ghuba. Kila mmoja hukaa chumbani kwake na mitambo yake, hutuma alama za Morse, na hujaribu kupatana na vituo vingi kadiri awezavyo. Mkipatana mnapeana namba, na kila mmoja anaiandika daftarini pamoja na saa. Baadaye madaftari yote huletwa kwetu. Kazi ya mkaguzi ni kuhakikisha kwamba ulichoandika wewe, mwenzako naye amekiandika. Asipokiandika, pointi huna, hata ukija na mama yako kulia ofisini. Na wapo waliokuja na mama zao.

Kabla ya kompyuta, Bwana Tijani alifanya kazi hiyo kwa kadi, na kadi alizipanga katika maboksi ya viatu kutoka karakana ya shemeji yake katika mji wa kale. Vituo mia na arobaini, maboksi mia na arobaini, ofisi nzima ikinuka gundi na ngozi hadi Januari. Mwaka 1997 boksi moja lilirudi karakanani kwa bahati mbaya, na bibi harusi mmoja wa barabara ya Gremda akapelekewa, badala ya viatu vyeupe, kadi sitini zenye saa, namba, na neno ANNABA limeandikwa kwa wino mwekundu juu ya kifuniko. Bwana harusi alifika ofisini ngumi zimekunjwa.

“Nani kati yenu ndiye Annaba?” aliuliza. “Na hizi saa mlikuwa mnakutana wapi na mke wangu?”

Bwana Tijani alimkalisha, akampa chai yenye lozi, akamweleza Mashindano ya Ghuba kuanzia kanuni ya kwanza hadi ya mwisho. Ilichukua saa mbili na nusu. Bwana harusi huyo leo ndiye mweka hazina wetu, na mkewe hajatusamehe.

Mwaka 1994 Bwana Tijani alimwondoa mashindanoni mwenyekiti wa wakati ule, marehemu sasa, kwa kutumia nguvu zaidi ya wati mia zinazoruhusiwa. Hakuhitaji kipimo. Majirani wa mwenyekiti walikuwa wakitazama mpira, na kila timu yetu ilipokaribia goli, televisheni zao zilipiga kelele za nukta na vistari. Mmoja alitoka hadi barazani akamwita mwenyekiti, “Ewe bwana, wewe unacheza upande gani?” Bwana Tijani alichukua majina ya mashahidi kumi na wanne, akayabandika pamoja na matokeo. Mwenyekiti hakumsalimia hadi mwezi wa Ramadhani.

Huo ndio ukurasa wa furaha. Anis akipenda anaweza kuuchapa huo peke yake.

Sasa nimtaje Hachmi Arous, kwa sababu habari za Bwana Tijani haziandikiki kwa kumruka. Hachmi alikuwa fundi wa injini za boti huko Remla, kisiwani Kerkennah, na bingwa wa Mashindano ya Ghuba mara kumi na moja. Alimpita Bwana Tijani umri kwa miaka mitano. Yeye ndiye aliyemfundisha Morse, kwa kugonga kijiko kwenye glasi katika mkahawa ulio karibu na kivuko, mpaka mwenye mkahawa akawafukuza wote wawili. Yeye ndiye aliyemleta hapa klabuni kuomba kazi. Mkaguzi haruhusiwi kushindana, kwa hiyo siku ile Bwana Tijani alipopata kazi aliacha kushindana kwa maisha yake yote, na tangu hapo furaha yake ya Novemba ilikuwa kukagua daftari la Hachmi. Lilikuwa safi kuliko yote. Alilihifadhi la mwisho, kama mtu anavyobakisha kipande kizuri cha nyama pembeni mwa sahani.

Wengi wenu mlikuwepo katika mkutano mkuu wa Februari 2012. Ulikuwa mkutano wa kugombania mashine. Wakati huo zilikuwa zimekwisha kuingia orodha za intaneti zinazomwambia mshindani nani yuko wapi, na vipokezi vya kuazima vilivyo nchi nyingine, na programu inayosikiliza Morse na kuandika herufi kwenye skrini ili mtu asome tu. Anis alikuwa bado kijana, mhandisi mpya, na alizungumza kwa niaba ya vijana.

“Dunia nzima inatumia,” alisema. “Sisi tunaogopa nini? Tunataka klabu au jumba la makumbusho?”

Hachmi alisimama, mikono yake ya grisi mfukoni. “Anis mwanangu, leo kompyuta ikusikilizie, kesho ikutafunie, keshokutwa ikulalie na mkeo. Wewe utabaki na kazi gani mle ndani?”

“Kulipa umeme!” mtu akadakia kutoka nyuma, na ukumbi ukacheka.

Anis hakukata tamaa. “Na mwenye miwani, mzee? Kioo nacho si kifaa? Tumvue?”

“Miwani haikusomei barua,” alisema Hachmi. “Inakuonyesha herufi tu, kusoma unasoma mwenyewe. Mashine yako inasoma, wewe unatia saini.”

Hilo lilikuwa jibu zuri na Anis mwenyewe alikiri. Walibishana siku mbili. Siku ya pili Bwana Tijani akaleta karatasi ya suluhu, ambayo ndiyo kanuni ya nane kama ilivyokaa hadi 2019: makundi yawe mawili. La kwanza, mshindani atasikia kwa masikio yake mwenyewe na kikombe kitabaki huko. La pili, atumie mashine apendavyo, na atapata cheti. Kila mmoja atangaze kundi lake kwa saini kabla ya mashindano, na akitaka kuhama baadaye, aandike mwenyewe.

Ikapita. Ndipo Hachmi akasimama tena na kusema, “Na hilo la pili tuliite kundi la viziwi.”

Tulicheka mpaka watu wakafuta machozi. Mimi nilimwaga kahawa juu ya kumbukumbu za mkutano, na doa lile bado liko. Jina likashika. Mwaka uliofuata watu waliandika “viziwi” kwenye fomu, na mimi nilizipokea bila kusahihisha. Kwa miaka sita hakuna mtu mzima wa Ghuba hii aliyejiunga na kundi lile bila kutaniwa. Nasema haya kwa sababu tulicheka wote, si Hachmi peke yake.

Novemba 2018, Hachmi aliongoza tena. Mapatano mia tatu na kumi na moja, makosa mawili. Kingekuwa kikombe cha kumi na mbili. Wiki moja baada ya mashindano ikaja barua kutoka Mahdia, ya Mzee Allala Gharsalli, ambaye wakati ule alikuwa na miaka themanini na minne. Mzee Allala alivunjwa kidole gumba na mashine ya kukamulia zeituni zamani sana, na mpaka leo hutuma Morse kwa mkono, kwa kibonyezo cha shaba, nukta zake zikichechemea. Kompyuta haimwelewi hata kidogo. Binadamu akimsikia mara moja hamsahau. Barua ilikuwa na mistari miwili: “Mwulizeni Hachmi nimemkosea nini. Nimemwita mara tisa na kila mara amenipita.”

Bwana Tijani aliisoma, akaikunja, akarudi nyuma ya kabati. Alasiri akaniita.

“Basma binti yangu, hebu lisome daftari hili uniambie kosa.”

Nililisoma lote. “Sioni kosa, Bwana Tijani. Safi kama kawaida yake.”

“Usiangalie waliomo. Angalia wasiokuwemo.”

Sikuwaona, kwa sababu sikuwajua. Yeye aliwajua. Baada ya miaka thelathini na miwili aliijua mikono ya watu wote wa Ghuba, nani anatuma kwa kompyuta na nani bado anatuma kwa mkono. Mwaka ule waliotuma kwa mkono walikuwa kumi na tisa. Miaka yote Hachmi alikuwa akiwapata wote, tena mapema, kwa kuwa walikuwa marafiki zake. Mwaka ule hakumpata hata mmoja. Waliotuma kwa kompyuta, wenye nukta zilizonyooka, aliwapata mpaka wa mwisho, kama anavyowapata mtu anayesomewa na mashine.

Aliwapigia simu wote kumi na tisa. Kumi na sita walisema walimwita. Kila mmoja alidhani amekasirikiwa yeye peke yake.

Nilimwambia aache. Sioni haya kulisema hapa. Nilimwambia, “Ni kikombe kimoja cha bati, na huyu ni ndugu yako. Nani mwingine atakayeona?” Akanijibu kwamba Mzee Allala ameona. Kisha akaniomba niende naye Kerkennah, kwa kuwa kanuni ya kumi na tatu inataka mkaguzi akimtembelea mshindani awe na shahidi.

Tulivuka Jumamosi asubuhi. Kwenye kivuko Bwana Tijani alishika bahasha mapajani kwa mikono miwili. Hachmi alitupokea mlangoni kwa shangwe zake.

“Mkaguzi mkuu kavuka bahari! Basma, wewe ndiye umemleta au yeye ndiye amekuleta?”

Mkewe, Bi Mbarka, alikuwa amepika kuskusi ya shayiri kwa pweza. Hachmi alituweka sisi wawili upande wa dirisha, mwanga usoni, akakaa mkabala wetu. Tulikula, tukazungumza, alijibu kila tulichosema, alitania pale pa kutania. Vyombo vilipoondolewa, Bwana Tijani akasema, “Hachmi ndugu yangu, Mzee Allala anauliza amekukosea nini.”

“Allala? Mwaka huu hakutokea.”

“Amekuita mara tisa.”

“Basi antena yake mbovu.”

“Na wengine kumi na watano waliokuita? Antena zao zote ziliharibika Jumapili moja?”

Hachmi alimtazama mdomoni muda mrefu. Bi Mbarka alitoka kwenda jikoni na hakurudi.

“Injini, Tijani,” alisema hatimaye. “Miaka arobaini na tano kichwa ndani ya injini. Sauti nyembamba masikio yangu hayazishiki tena. Ni hilo tu.”

“Nilijua si ujanja. Saini hapa, basi.” Bwana Tijani akatoa fomu kwenye bahasha. “Unahamia kundi la pili. Nitaipokea leo kama barua yako mwenyewe. Huko pia wewe ni wa kwanza, na jina lako linabaki safi.”

“Kundi la pili linaitwaje, Basma?”

Nilianza kukusanya makombo mezani.

“Liseme, binti. Wewe ndiye unayezipokea fomu.”

“Hachmi, mwache mtoto wa watu,” alisema Bwana Tijani. “Saini.”

“Niende mwenyewe kwenye kundi la viziwi? Mimi niliyelipa jina?” Alisukuma fomu ikarudi. “Kisiwa hiki nakijua. Andika nimedanganya. Hilo watu watalisema mwaka, wawili, watalichoka. Lile lingine wataniita mpaka kaburini, na nani atampa kiziwi injini yake amtengenezee?”

“Nikiandika umedanganya nitakuwa mwongo.”

“Usiandike nimedanganya. Andika kanuni ya nane. Nimeivunja, sijaivunja?”

“Umeivunja.”

“Basi. Na la masikio libaki humu ndani. Niahidini wote wawili.”

Tulimwahidi. Nimeitunza ahadi hiyo miaka sita, na leo ninaifungua kwa ruhusa ya mwenye haki ya kuifungua, kama mtakavyoona.

Mnakumbuka chakula cha jioni cha matokeo. Desturi yetu ni kwamba mkaguzi husoma matokeo kwa sauti, watu wote wamesimama, na aliyeondolewa husomwa kwanza, jina na kanuni. Bwana Tijani alisoma: “Hachmi Arous, Remla. Kanuni ya nane.” Alisoma kwa sauti ileile aliyosomea mengine. Mtu mmoja, ambaye yumo ukumbini leo na sitamtaja, akasema, “Miaka yote hiyo tunamwita bingwa, kumbe mwizi.” Anis alitaka ushahidi uwekwe mezani. Bwana Tijani alisema ushahidi uko kabatini na ufunguo anao yeye, na asiyemwamini amfukuze kazi. Walipiga kura ya kumfukuza. Alipona kwa kura tatu.

Baada ya hapo wengine walisema Hachmi ni mwizi, na wengine walisema Bwana Tijani amemwonea wivu, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kuinua kikombe. Wote walikubaliana kutokunywa kahawa na Bwana Tijani. Miaka miwili nilimwona akishuka mkahawani chini peke yake na kupanda peke yake. Neno moja lingemtosha kujisafisha, na hakulitoa. Mimi pia sikulitoa, lakini mimi hakuna aliyenitenga.

Katika mkutano wa Machi 2019, mkaguzi huyohuyo alisimama akapendekeza kanuni ya nane ibadilishwe: mwenye udhaifu wa kusikia aruhusiwe skrini ndani ya kundi la kwanza, bila kutangazwa kwa mtu yeyote isipokuwa mkaguzi, na jina la kundi la viziwi lisiandikwe tena kwenye karatasi yoyote ya klabu.

“Umemwondoa bingwa kwa kanuni hii miezi minne iliyopita,” Anis alimwambia, “na leo unaibomoa mwenyewe? Bwana Tijani, wewe uko sawasawa?”

“Kanuni mbaya hubadilishwa kabla ya mashindano,” alisema. “Baada yake hutumiwa.”

Ilipita kwa kura mbili. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote aliyoyafanya hapa, na leo tuna washindani watano wanaonufaika nalo, ambao majina yao siyajui na sipaswi kuyajua. Nakala ya kanuni mpya nilimpelekea Hachmi kwa posta. Haikujibiwa. Alikuwa ameshashusha antena zake, na nguzo aliigawa kwa wajenzi. Alifariki Machi 2021. Bwana Tijani alivuka kwenda maziko, akasimama nyuma kabisa ya watu, akarudi na kivuko kilekile bila kuingia nyumbani kwa mfiwa. Aliniambia hakuwa na uso wa kumwonyesha Bi Mbarka.

Tangu 2022 madaftari hukaguliwa na kompyuta, kwa sekunde arobaini. Bwana Tijani aliifundisha kazi mashine hiyo mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Maboksi ya viatu yalirudi kwa shemeji yake. Miaka mitatu hii ya mwisho amekuwa akija saa mbili kamili, anavua koti, anayasoma madaftari ambayo yamekwisha kukaguliwa, anavaa koti saa kumi. Nilimwuliza anatafuta nini. Alisema anawaangalia wasiokuwemo, maana hilo mashine haikufundishika.

Oktoba iliyopita kamati iliamua kumpa zawadi ya kuagwa. Walitaka kufuta adhabu ya 2018 na kumrudishia Hachmi kikombe cha kumi na mbili, jina lichongwe, yaliyopita yapite. Walidhani atafurahi. Alisimama, akashika ukingo wa meza.

“Mkimfutia,” alisema, “basi mimi nilimvunja bure.”

Kamati haikuelewa, na Anis aliniuliza baadaye kama mzee ameanza kuchoka akili. Mimi nilielewa. Nilikwenda chooni nikafungua bomba nisisikike nalia.

Wiki iliyopita nilimpigia simu Bi Mbarka kumwomba picha ya zamani ya wawili hao kwa ajili ya karatasi hii ya sherehe, ile ambayo mnaiona juu ya ukurasa. Nilimwambia pia kwamba nimeandika habari za Hachmi lakini nimesimama kwenye jambo moja ambalo sikuruhusiwa.

“Andika,” alisema. “Kiziwi si mwizi. Miaka sita nasikia sokoni mume wangu mwizi. Andika yote.”

Kisha akaniuliza kwa nini Tijani hakuja kwake hata siku moja. Nikamwambia nilivyojua mimi: kwamba baada ya ule uamuzi Bwana Tijani alimpigia Hachmi simu, na Hachmi alipokea na kumkatia, na mtu akikatiwa simu mara mbili anaelewa kwamba hatakiwi.

Nikamsikia Bi Mbarka akivuta kiti akakaa.

“Binti yangu,” alisema, “Hachmi alikuwa hasikii hata injini ikinguruma. Tangu kabla hamjaja kula kwangu. Alikuwa anasoma midomo yenu, na simu haina midomo. Ilitetemeka mezani, akaona jina la Tijani, akaishika sikioni. Nilimkuta ameishika hivyo, anatazama ukuta. Nikamwambia nipe mimi niongee naye. Akakataa. Akasema, Tijani akijua nimefika hapa atajichukia, afadhali adhani nimekasirika, hasira inaisha. Akakata. Na ya pili hivyohivyo.”

Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Jumatatu nilimkuta Bwana Tijani akifunga vitu vyake kwenye boksi, nikamweleza, kwa sababu sikutaka ayasikie kwa mara ya kwanza humu ukumbini. Alinisikiliza akiwa ameshika rula yake ya mbao. Aliuliza swali moja tu.

“Alishika simu muda gani?”

“Bi Mbarka anasema muda mrefu. Dakika mbili, tatu.”

Akakaa juu ya boksi. “Nilimwambia yote,” alisema. “Mara zote mbili. Nilimwomba radhi, nikamwambia nyumba yangu ni yake, nikamwambia Novemba bila daftari lake sijui niifanye nini. Hakunikatiza. Nikasema afadhali, ananisikiliza. Kisha akakata.”

Mtu huyu ndiye aliyeugundua uziwi wa rafiki yake katika daftari lisilo na kosa, kwa wale wasiokuwemo. Ule ukimya wa kwenye simu hakuugundua. Simlaumu, na ninaomba yeyote humu asimlaumu, maana sisi wengine hatukugundua chochote.

Bwana Tijani, kwa niaba ya Klabu ya Mawimbi ya Sfax, na ya kila kituo cha Ghuba hii ambacho pointi zake ulizihesabu kwa haki na ukazinyima kwa haki, tunakushukuru. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, na watu wa kunywa nao kahawa. Kivuko cha kwanza cha Jumamosi kinaondoka saa moja. Yale yote uliyoyasema kwenye simu nenda ukayaseme Remla. Bi Mbarka anasikia vizuri sana, na anakungoja.

Basma Ellouze
Katibu wa ofisi